Kuchagua chumba chuoni: foleni, sufuria na mistari arobaini ya Python

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi za wateja zimenibana, lakini leo nimepata nafasi na kuna jambo limekuwa likinizunguka kichwani tangu mwaka jana. Si simu mpya, wala si toleo jipya la Linux. Ni vyumba. Naam, vyumba vya kulala vya wanafunzi.

Kila mwaka KUCCPS ikishatangaza nani kaitwa chuo gani, simu yangu hugeuka ofisi ya ushauri. Kwa kuwa nilisoma sayansi ya kompyuta na sasa naandika programu nikiwa nyumbani hapa Migori, jamaa na majirani wanaamini kwamba chochote kinachojazwa kwenye skrini ni kazi yangu. Fomu ya mkopo wa HELB, naulizwa mimi. Picha imekataa kupakiwa, mimi. Na kuna swali moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote, kwa sababu linaonekana dogo: "Hapa wanauliza nataka chumba gani. Niandike nini?"

Si dogo hata kidogo. Kozi utaibadilisha, somo utalirudia, lakini chumba kibaya utakilalia kila usiku mpaka muhula uishe. Tena kwa mtu wa kompyuta swali hili ni tamu, kwa sababu ndani yake kuna hesabu ambayo watu wamepewa Nobel kwa kuichambua. Basi leo tuligeuze pande zote.

Kwa nini vyumba havitoshi

Mzazi aliyesoma chuo kikuu miaka ya 1980 hataelewa kwa nini mwanawe anahangaika. Hata mwisho wa miaka hiyo vyuo vikuu vya umma Kenya vilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja: Nairobi, Moi, Kenyatta na Egerton. Ukiitwa, ulikabidhiwa kitanda chako, godoro likiwa juu yake.

Siku hizi chuo kimekuja mlangoni. Hapa kaunti ya Migori tuna Chuo Kikuu cha Rongo, kilichoanza kama tawi la Moi na kupata hati yake mwaka 2016. Jirani zetu wa Homa Bay wana Chuo Kikuu cha Tom Mboya, kilichoanza mwaka 2016 chini ya Maseno na kupata hati mwaka 2022. Ukifikiri, jina hilo lina mzaha wa historia. Mboya, mtu wa Rusinga, ndiye aliyeandaa ndege ya kwanza iliyopeleka wanafunzi 81 Marekani mwaka 1959, maana hapa nyumbani hapakuwa na nafasi za kusomea. Leo msichana wa Mbita anaweza kusoma chuo kikuu bila hata kuvuka mpaka wa kaunti yake.

Nafasi za kusomea zimeongezeka haraka kuliko vitanda. Kujenga hosteli ni ghali, kuongeza viti darasani ni rahisi. Kwa hiyo miji imejaza pengo. Pita Rongo, pita Kitere, zunguka mitaa ya Homa Bay, utaona safu za vyumba vya kupanga zenye rangi mpya na kibao "Wanafunzi karibuni". Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza basi ana maamuzi mawili: ndani ya chuo au nje, na akishaamua, chumba kipi na nani.

Foleni inayopima bando

Chuo nilichosoma mimi sitakitaja. Kiligawa vyumba kwa mtindo ambao vyuo vingi duniani hutumia: wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kuchagua. Mfumo ulifunguliwa saa sita usiku. Mimi nilikuwa Migori mjini, ndani ya saiba ambayo mwenyewe alikubali kulala nayo wazi kwa ajili ya wateja kama sisi. Tulikuwa tisa kwenye kompyuta sita. Ukurasa uliganda, ukafunguka nusu, ukaganda tena. Saa sita na dakika ishirini ulifunguka vizuri, ukasema kwa adabu kabisa kwamba hakuna kitanda.

Walioishi mjini Nairobi wakiwa na intaneti ya waya nyumbani walikuwa wameshalala.

Muhula ule niliishi kama wale tuliowaita maharamia: unalala chumba kisicho na jina lako, godoro lako chini ya kitanda cha mwenzako mchana, juu ya sakafu usiku, na mlinzi akija unajifanya umekuja kuazima kitabu.

Kulikuwa na kioja kingine. Wanafunzi wawili walifika na karatasi zenye kitanda kile kile. Wote wamelipa, wote wana risiti. Baadaye, darasani, nilijifunza jina la ugonjwa huo. Programu inauliza hifadhidata, "Kitanda 14B kiko wazi?" Inajibiwa ndiyo. Kabla haijaandika jina la wa kwanza, ombi la wa pili linauliza swali hilo hilo na linajibiwa ndiyo pia. Kisha yote mawili yanaandika. Dawa yake ni kuifunga ile safu ya hifadhidata tangu swali linapoulizwa mpaka jina linapoandikwa, ili anayefuata asubiri mlangoni. Mistari michache tu ya msimbo.

Lakini hitilafu hiyo ndiyo nyepesi. Ukiirekebisha, ukanunua seva kubwa mara kumi, bado mfumo unauliza swali baya. Hauulizi "unataka nini?" wala "unahitaji nini?" Unauliza "mtandao wako una kasi gani saa sita usiku?" Jibu la swali hilo linajulikana kabla ya kuuliza: kijana wa Muhuru Bay atakuwa nyuma, na yule wa mjini atakuwa mbele. Huwezi kuita hiyo chaguo la mwanafunzi.

Chaguo ambalo huwezi kulisema kwa sauti

Mwaka 2024 mdogo wangu wa kike aliitwa chuo huko Homa Bay. Jumamosi moja tulipanda matatu hapa Migori, tukapita Awendo, tukabadilisha gari Rongo, tukashuka kwa Rodi Kopany hadi Homa Bay. Lengo lilikuwa kuona vyumba kwa macho kabla ya kulipa. Tulikuwa na rafiki yake wa sekondari, ambaye naye alikuwa ameitwa chuo hicho hicho.

Rafiki alikuwa ameshaamua: wachukue bedsita moja mbali kidogo na chuo, wagawane kodi, maisha yawe rahisi. Kila tulipoingia chumba alisema "sisi". Sisi tutaweka meza hapa, sisi tutapika pale. Mdogo wangu akawa anatikisa kichwa tu.

Tulipobaki wawili kwenye kibanda cha samaki, akaniambia: "Kaka, mimi nampenda sana, lakini kuishi naye siwezi. Analala saa nane usiku, taa inawaka, muziki unapiga. Mimi nikikosa usingizi siku tatu naumwa."

Nikamwambia amweleze.

"Nitamwelezaje? Mama yake ndiye aliyetulipia nauli ya kwenda kuchukua vyeti."

Hapo ndipo hesabu inapogota. Wakati wa kujaza fomu ya chumba, rafiki alikuwa ameketi kando yake, macho kwenye simu. Mdogo wangu akaandika jina la rafiki. Fomu ikapokea, ikasema asante. Kompyuta haikujua kwamba imedanganywa, na aliyedanganya hakuwa na njia nyingine ya heshima.

Muhula wa kwanza haukuisha. Mwezi wa pili alikuwa akisomea kwa majirani, mwezi wa tatu wakatengana kwa maneno, na leo wakikutana njiani hawasalimiani. Familia mbili zilizokuwa zikipelekeana mboga sasa zinapelekeana salaam za baridi. Mimi bado naamini urafiki ule ungeishi kama wangelala vyumba tofauti.

Jambo hilo lilinikaa moyoni. Nikaanza kufikiri: fomu gani ingemruhusu mdogo wangu kusema kweli bila kumwumiza mtu?

Hosteli ya Rongo

Mwaka 2025 nilipata nafasi ya kujaribu. Kuna mama mmoja, rafiki wa mama yangu kanisani, ana hosteli ya wasichana upande wa Rongo. Ghorofa moja, vyumba 18, kila kimoja vitanda viwili. Jumla vitanda 36. Alinipigia mwezi wa saba.

"Mwanangu, si wewe ni mtu wa kompyuta? Nitengenezee kitu cha kugawa vyumba. Kila mwaka wananipigania getini mpaka nashikwa na presha."

Nikaenda kumwona. Utaratibu wake ulikuwa: anayelipa kwanza achague kwanza. Unaonekana wa haki, sivyo? Lakini tazama nani hulipa kwanza. Binti wa mwalimu na binti wa mfanyabiashara wanalipa mwezi wa saba. Binti anayesubiri mkopo, au ambaye baba yake anasubiri malipo ya miwa, analipa siku ya mwisho. Mwisho wa yote, vyumba vya juu vyenye upepo vinakwenda kwa waliojaliwa, na kile kilichopakana na choo kinabaki kwa yule yule kila mwaka.

Tukakubaliana hivi. Kuna siku ya mwisho ya kulipa pesa kidogo za kushikilia nafasi. Ukilipa kabla ya siku hiyo, uwe wa kwanza au wa mwisho, uko sawa na wenzako. Kila mmoja anajaza karatasi na kupanga vyumba kwa mapendeleo, kuanzia anachokitaka zaidi. Kisha tunapiga kura ya kupanga foleni. Kisha programu inafanya hivi:

kwa kila karatasi kwenye foleni:
    kwa kila chumba kwenye orodha yake:
        kama chumba kina nafasi ya kutosha:
            mpe chumba hicho
            nenda kwenye karatasi inayofuata

Basi. Ndio moyo wa programu yote. Pamoja na kusoma jedwali na kuchapisha matokeo ilikuwa kama mistari arobaini ya Python. Wanauchumi wana jina la kutisha kwa njia hii: udikteta wa zamu. Kila mtu ni dikteta zamu yake inapofika, lakini zamu yenyewe inatokana na kura.

Nilipotaka kompyuta ndiyo ipige kura, mama akanikatalia. "Nitamwelezaje mzazi? Kwamba mashine yako ilimchukia binti yake?" Alikuwa sahihi kabisa. Namba ya nasibu inayotoka ndani ya kompyuta ni nzuri, lakini hakuna aliyeiona ikitoka. Siku ya kura tuliweka vikaratasi vyenye namba ndani ya sufuria, wasichana waliokuwepo wakachota wenyewe, wasiokuwepo wakachotewa na mtoto wa jirani mbele ya wote huku simu ikirekodi kwa ajili ya kundi la WhatsApp. Nami nikaingiza namba kwenye jedwali. Kompyuta ilifanya kazi ya kuchosha, sufuria ikafanya kazi ya kuaminiwa.

Kabla ya kura kulikuwa na wasichana ambao hawakupitia sufuria. Mmoja anatembea kwa magongo. Ngazi kwake si suala la kupenda. Mwingine ana pumu, na chumba cha karibu na jiko la kuni hakimfai. Hao walipewa vyumba vinavyowafaa kwanza, na sababu ikatangazwa kwamba ni ya afya, bila maelezo zaidi. Hakuna hata mmoja aliyenung'unika. Watu hukubali kupitwa wanapojua kwa nini wamepitwa.

Kwa nini usidanganye

Binti mmoja alinifuata na orodha yake. Namba moja alikuwa ameandika chumba cha karibu na choo.

"Unakitaka hiki?"

"Hapana. Lakini hakuna atakayekiandika, kwa hiyo nitakipata bila shida."

Alikuwa akifikiri kwa akili, ila kwa mfumo mwingine. Kuna mifumo ambayo huangalia kwanza chaguo la kwanza la kila mtu. Ukikosa chaguo lako la kwanza, unakuta vile vyumba vizuri vya pili vimeshachukuliwa na waliovitaja kwanza. Kwenye mfumo huo, kusema kweli ni hatari, na mjanja hutaja anachoweza kupata badala ya anachotaka. Jiji la Boston huko Marekani liligawa nafasi za shule za umma kwa namna hiyo hadi lilipoamua kuiacha mwaka 2005, sababu mojawapo ikiwa hiyo: wazazi waliojua mchezo waliwapita wasioujua.

Kwenye mfumo wa sufuria mambo ni tofauti. Zamu yako inapofika, programu inakupa cha juu kabisa kwenye orodha yako kati ya vilivyobaki. Orodha yako haibadilishi namba yako ya foleni, wala haibadilishi vilivyobaki. Kwa hiyo ukiweka juu chumba usichokitaka, mtu pekee unayemdanganya ni wewe. Nikamweleza, akacheka, akafuta, akaandika upya. Alichota namba nzuri na akapata chumba cha ghorofani. Fikiria kama angeacha ile orodha ya kwanza!

Hesabu ya mwenzako wa chumba

Sasa tuje kwa watu, maana vyumba ni rahisi. Chumba hakikukatai.

Mwaka 1962 wanahisabati wawili, David Gale na Lloyd Shapley, waliandika makala fupi kuhusu kuunganisha makundi mawili, kwa mfano wanafunzi na vyuo, kila upande ukiwa na mapendeleo yake. Walithibitisha kwamba daima kuna mpangilio tulivu, yaani usioacha wawili wanaopendeleana kuliko waliopewa. Shapley, pamoja na Alvin Roth aliyeipeleka hesabu hiyo kwenye mambo ya maisha kama kuwapangia madaktari hospitali, walipata Nobel ya uchumi mwaka 2012.

Lakini kwenye makala hiyo hiyo ya 1962 walionyesha kwamba wenza wa chumba ni habari nyingine. Chukua wasichana wanne: A, B, C na D. A anampenda zaidi B, kisha C. B anampenda zaidi C, kisha A. C anampenda zaidi A, kisha B. Wote watatu wanamweka D mwisho. Sasa jaribu kuwagawa wawili wawili. Lazima mmoja alale na D. Akiwa C, basi B aliye na A anamtamani C, na C naye afadhali B kuliko D. Wataondoka waungane. Akiwa B, yatatokea yale yale na A. Akiwa A, yatatokea na C. Mnazunguka bila mwisho. Haijalishi una kompyuta gani. Mpangilio tulivu haupo. Mwaka 1985 Robert Irving alichapisha algorithimu inayogundua haraka kama upo au haupo, lakini pale usipokuwepo, hata yeye hakuweza kuuumba.

Nilimsimulia yule mama mfano huu, akaniambia tu: "Hiyo ndiyo hosteli yangu."

Kwa hiyo sikujaribu kumpa kila mtu mwenza anayempenda. Nilifanya jambo dogo nililojifunza kwa mdogo wangu. Kila msichana aliandika kwa siri, kwenye karatasi iliyokunjwa, jina moja la anayetaka kulala naye, au akaacha wazi. Majina yakilingana pande zote mbili, wanahesabiwa kama wamoja: wanachota karatasi moja na kujaza orodha moja. Yasipolingana, hakuna anayeambiwa chochote. Kila mmoja anaendelea peke yake, na karatasi zinachomwa.

Unaona faida yake? Rafiki anaweza kuketi kando yako siku ya kutangazwa na wewe ukashangaa naye kwamba "hatukupangwa pamoja". Labda wewe hukuandika. Labda yeye. Labda karatasi ilisomwa vibaya. Mlango wa heshima umebaki wazi kwa wote wawili.

Kulikuwa na kona moja ya kuangalia kwenye msimbo. Kama kila aliye peke yake akifungua chumba kitupu, wale wawili wawili watakosa chumba kizima. Nikaongeza sharti: aliye peke yake haruhusiwi kufungua chumba kipya ikiwa vyumba vitupu vilivyobaki ni sawa na idadi ya jozi ambazo bado zinasubiri. Mstari mmoja tu, na hakuna jozi iliyotenganishwa.

Wote waliridhika? Hapana. Waliochota namba za mwisho walipata vyumba vya mwisho, na mmoja alihama kabla ya muhula kuisha. Lakini getini hapakuwa na vita, na yule wa chumba cha choo mwaka huu hakuwa yule anayetarajiwa.

Uandike nini basi?

Wiki ya pili wasichana wawili walikuja kuomba kubadilishana. Mmoja alikuwa amegundua kwamba dirisha lake linatazama mashine ya kusaga unga, inayoanza kunguruma alfajiri. Mwingine ni mtu wa kuamka mapema na kelele hazimsumbui. Tukawabadilisha dakika hiyo hiyo. Funzo ni kwamba mfumo mzuri utakupa ulichokiomba, lakini haujui kama uliomba vizuri. Kwa hiyo, wewe unayejiandaa kujaza fomu, haya ndiyo ninayowaambia wanaonipigia:

1. Tanguliza usichoweza kubadilisha. Pazia utanunua, rangi utaizoea. Umbali, joto, maji na barabara ya usiku havinunuliwi.

2. Joto. Homa Bay iko kando ya ziwa, na uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134 juu ya bahari. Rongo iko juu zaidi na kuna baridi kiasi. Chumba cha mabati bila dari ambacho Rongo kinavumilika, Homa Bay saa nane mchana ni tanuri. Nenda ukione mchana, usikione asubuhi. Na kama masomo yako mengine ni ya mtandaoni, kumbuka mvua ya jioni juu ya mabati hukusikizishi neno.

3. Maji. Usiulize "kuna maji?" Mwenye nyumba yeyote atasema yapo. Fungua bomba. Kisha muulize mpangaji, si mwenye nyumba, mtungi wa lita 20 unauzwa bei gani siku bomba likikauka. Kuona ziwa dirishani si sawa na kuwa na maji ya kuoga.

4. Mbu. Hili ni eneo la malaria. Ndiyo maana Kenya ilizindulia chanjo yake ya malaria kaunti ya Homa Bay, Septemba 2019. Ukipewa kitanda cha deka, tazama neti itafungwa wapi. Kitanda cha chini neti huning'inia karibu na uso, na ukiigusa usingizini mbu anakuuma kupitia matundu. Kama dari ya juu ina ndoano, kitanda cha juu kina sababu ya kupendwa.

5. Njia ya usiku. Tembea kutoka chuoni hadi chumbani saa moja na nusu jioni, kwa miguu, bila kuharakishwa na mwenye nyumba. Taa ziko? Watu wako? Na ukipenda chumba cha ufuoni kwa ajili ya upepo, waulize wenyeji kuhusu viboko, maana hutoka ziwani usiku kula nyasi na hawapishi mtu njia.

6. Umeme. Uliza kama mita ya tokeni ni yako au mnachangia. Mita ya pamoja ni ndoa ya watu sita ambao hawakuchumbiana.

7. Mwenza. Usichague unayempenda kuliko wote. Chagua mnayelala saa moja. Rafiki wa kweli unaweza kumtembelea.

Na kwa wenzangu tunaoandika programu, kwa kuwa najua mko humu: kabla hujaandika mstari wa kwanza wa mfumo wa kugawa kitu chochote, iwe vyumba, basari au zamu za maabara, jiulize maswali matatu. Je, mwenye bando dogo anaweza kushiriki sawa na mwenye bando kubwa? Je, anayesema kweli anaweza kuumia kwa kusema kweli? Je, kuna mtu ameketi kando yake anasoma skrini? Mimi maswali mawili ya kwanza nilifundishwa darasani. La tatu nimelipata kwenye kibanda cha samaki Homa Bay, na ndilo gumu kuliko yote.

Nasikia vyuo vingine hugawa kwa umri, vingine kwa kozi, vingine kwa matokeo. Kama kwenu wana njia nyingine, niandikie niijue, hasa kama imewahi kujaribiwa na watu wakalala kwa amani. Msimbo wa hosteli nitamtumia yeyote mwenye vyumba na sufuria.

Tupo pamoja.